Bafta Mbele ya Taa: Nuru Hupotelea Wapi?

Katika kabati la nyumbani kwangu hapa Mombasa mna mkebe wa bati, wa mviringo kama sinia ndogo, na ndani yake mna filamu ya milimita 16 yenye urefu wa futi 400. Ukiipitisha katika mashine kwa mwendo wake wa picha 24 kila sekunde, huisha kwa dakika 11. Dakika hizo 11 ni za shangazi yangu, Allah amrehemu, akieleza nyimbo za vugo na namna bibi harusi alivyokuwa akifundwa katika siku zake. Sauti yake, iliyonaswa kwa tepu mbali, ni safi kabisa. Uso wake hauonekani vizuri. Unaona weusi ndani ya weusi, na punjepunje kama mchanga uliorushwa, na mara mojamoja jicho au kipini cha pua kikimeta. Aliyeupoteza uso huo ni mimi, na nilichoupotezea ni kipande cha karatasi nyeupe kisichozidi ukubwa wa leso ya mfukoni.

Najua wako wasomaji watakaoniuliza: haya ya taa na karatasi yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Leo hakuna arusi ya Kibokoni wala ya Majengo inayopita bila ya kamera, na hakuna kijana asiyekuwa na simu ya kupigia picha. Wazee wanahojiwa, maulidi yananaswa, mashairi yanasomwa mbele ya taa. Na taa hizo sasa hazikosi kitambaa mbele yake, au mwavuli, au sanduku jeupe. Ukimuuliza kijana kwa nini amekiweka, atakwambia “ili mwanga uwe laini.” Ukimuuliza kimemla kiasi gani cha mwanga, atakutazama tu. Nami sikuwa na jawabu nilipokuwa na umri wake.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa kubeba taa na nyaya katika studio moja ya picha. Nilimwomba mwenyewe aniazime kamera na taa moja kwa siku moja, akakubali, tena akanipa na mkebe mmoja wa filamu, mmoja tu, kwa kuwa ulikuwa ghali. Shangazi alikubali kupigwa picha baada ya kusihiwa wiki nzima, na akaweka masharti yake: awe mpigaji ni mimi mtoto wa nduguye, pasiwe na mwanamume wa nje chumbani, na picha “isende sinema.” Tukapatana siku, baada ya sala ya alasiri.

Filamu ile ilikuwa ya ASA 100. Kwa filamu ya wepesi huo na lenzi iliyofunguliwa mpaka tundu la 2.8, ambalo ndilo lililokuwa kubwa kabisa katika lenzi yangu, uso unahitaji kupata mwanga wa kiasi cha laksi 1,000. Nilikuwa na taa ya wati 800. Niliiweka mita 3 kutoka kwa shangazi, nikaishika mita ya mwanga karibu na shavu lake, ikasoma sawasawa na nilivyotaka. Nikafurahi. Hapo ndipo aliposema, “Mwanangu, taa hii yaniumiza mato.” Alikuwa na mtoto wa jicho, na taa ile tupu ilikuwa ikimchoma. Nikachukua karatasi nyeupe ya kulainishia niliyopewa pamoja na taa, nikaibana kwa vibanio vya nguo kwenye ile milango ya bati ya taa. Shangazi akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi. Nikaanza kupiga. Mita ilikuwa mfukoni mwangu na sikuitoa tena.

Filamu ikapelekwa ng'ambo kusafishwa. Iliporudi baada ya wiki kadhaa, shangazi alikuwa keshazikwa.

HESABU

Watu wa picha hupima mwanga kwa stopu. Stopu moja ni nusu. Ukiwa na laksi 1,000 ukapoteza stopu moja, umebaki na 500. Ukipoteza ya pili, 250. Ya tatu, 125. Kwa hiyo usidhani stopu tatu ni hasara mara tatu. Ni kubakiwa na sehemu moja ya nane.

Karatasi hizi za kulainishia, ambazo tunaziita karatasi ingawa nyingi ni plastiki, huuzwa kwa namba na kadiri zake. Katika orodha ya Lee, kampuni ya Uingereza ambayo namba zake zinajulikana na mafundi wa taa kote duniani, ile nyeupe kamili ni 216, na hupitisha asilimia 36 ya mwanga, yaani hasara ya stopu moja na nusu. Nusu yake ni 250, nayo hupitisha asilimia 60, hasara ya robo tatu ya stopu. Robo yake ni 251, hupitisha asilimia 80, hasara ya kama thuluthi ya stopu. Vipo vitambaa vizito vilivyofumwa kwa mirabamiraba ambavyo hula stopu mbili na zaidi.

Karatasi niliyoibana mimi ilikuwa ya kadiri ya hiyo 216. Basi chukua laksi zangu 1,000, upige kwa asilimia 36. Uso wa shangazi ulipata 360. Lenzi ilikuwa imeshafunguliwa yote, haina pa kwenda. Filamu haikupata haki yake, na filamu haijui kusamehe.

Ajabu ni kwamba dawa ilikuwapo palepale, wala haikuhitaji senti moja. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: ukiisogeza taa nusu ya umbali, mwanga huongezeka mara nne. Nilihitaji kuuongeza mara 2.8 hivi tu. Ningeisukuma taa kutoka mita 3 hadi mita 1 na sentimita 80, pamoja na karatasi yake, ningezipata laksi zangu zote. Hatua mbili za mguu. Nimezipima hatua hizo chumbani mle mara nyingi baadaye, na nafasi ilikuwapo.

Msomaji aliyezoea hesabu atanizuia hapa aulize: hizo laksi 640 zilizopotea zilikwenda wapi? Maana nuru haifi hivihivi. Ni swali zuri, na jawabu lake ndilo linalomtenga fundi na mbahatishaji. Sehemu moja, na katika karatasi nzito huwa sehemu kubwa, hurudi nyuma ilikotoka, ikaangaza tumbo la taa na ukuta ulio nyuma yake. Sehemu ndogo humezwa na karatasi yenyewe ikawa joto. Na sehemu nyingine hupita, lakini haiendi ulikoielekeza. Hutawanyika kwenye dari, sakafuni, kwenye mapazia. Mita iliyo shavuni haioni ila ile iliyofika shavuni.

Kutokana na hayo, ile asilimia iliyoandikwa kwenye orodha ni kipimo cha karatasi, si kipimo cha chumba chako. Taa inayorusha mwanga mpana, uliokwisha kutawanyika tangu mwanzo, haitadhurika sana. Lakini taa iliyokazwa ikarusha mwale mwembamba kama kurunzi, ukiitilia karatasi ileile, katikati ya mwale utapoteza zaidi sana kuliko ilivyoandikwa, kwa sababu nguvu yote iliyokuwa imekusanywa mahali pamoja imetandazwa chumba kizima. Na ukiifunga taa ndani ya sanduku la kitambaa lenye fedha ndani, kama haya wayatumiayo vijana wa arusi, ule mwanga uliorudi nyuma hugonga fedha ukaja tena mbele, na hasara hupungua. Karatasi ni ileile, taa tatu, majibu matatu. Ndiyo maana mita haina badali.

Na kuzidisha tabaka je? Hapa wengi hujumlisha badala ya kupiga mara. Karatasi mbili za 250 hazikuachii asilimia 20. Ya kwanza inakuachia 60 katika 100, na ya pili inachukua sehemu yake katika zile 60, unabaki na kama 36. Kwa hiyo nusu mbili hukaribia nyeupe kamili moja, na aliyeishiwa na 216 asirudi nyumbani akilia.

KIVULI

Hadi hapa nimesema juu ya wingi wa mwanga. Lakini kosa langu la mwaka ule lilikuwa mara mbili, na la pili ndilo linaloniuma zaidi kwa kuwa ni la kutofahamu, si la kusahau. Nililipia stopu moja na nusu, na sikupata nilichokilipia. Katika picha chache zinazoonekana, kivuli cha pua ya shangazi juu ya shavu lake kina ukingo mkali vilevile kama ambavyo kingekuwa bila ya karatasi.

Sababu yake ni hii. Ulaini wa mwanga hautoki katika karatasi. Unatoka katika ukubwa wa kile kinachoangaza, kama kinavyoonekana kutoka pale uso ulipo. Tazama jua: upana wake ni kilomita milioni 1.4, hakuna taa kubwa kama hiyo, lakini liko mbali kilomita milioni 150, kwa hiyo machoni petu ni kijisahani tu, na kivuli cha mnazi saa sita mchana kimekatwa kama kwa wembe. Sasa likija wingu la masika likalifunika, jua halijabadilika, ila mbingu nzima ndiyo imekuwa taa, na kivuli cha mnazi kimeyeyuka. Nami nilipoibana karatasi palepale mdomoni mwa taa, niliifanya taa yenye upana wa shibiri moja kuwa taa nyeupe yenye upana wa shibiri moja. Machoni pa shangazi ilikuwa hafifu zaidi, ndiyo maana akapumua, lakini haikuwa kubwa zaidi.

Ningefanyaje? Ningetandika kitambaa cha mita moja na robo kila upande, nikakiweka mbali na taa, kadiri mwale wa taa ukikifikia uwe umekijaza chote, na karibu na shangazi kadiri kamera inavyoruhusu bila ya kukiona. Hapo taa ingesahauliwa. Kinachomwangaza shangazi kingekuwa kitambaa. Umbali unaohesabiwa ungekuwa wa kutoka kwenye kitambaa, si kutoka kwenye taa. Na kitambaa kipana kilicho karibu hakifuati barabara ile hesabu ya mraba; mwanga wake hupungua polepole zaidi ukiwa karibu nacho, mtu akiinamisha kichwa au akiegemea nyuma hazimiki ghafla. Ukuta ulio mbali nyuma yake, kwa upande wa pili, hupata kidogo tu, uso ukajitenga nao.

Lakini kitambaa chenyewe nacho lazima kiwe kizito kiasi cha kukubali kujaa. Karatasi nyepesi kama 251 hupitisha mwanga mwingi ulionyooka, ukikitazama kutoka upande wa uso unaiona taa yenyewe ikiwaka katikati kama kiini cha yai. Hiyo imekupa vivuli viwili kimoja juu ya kingine, kikali ndani ya kilaini. Wako wapendao hivyo, nami simkatazi mtu. Ila ajue kwamba anachagua: nyepesi haimli sana wala haimlainishii sana, nzito humla zaidi na kumpa taa pana kweli. Hakuna kitambaa kinachotoa ulaini wote bila ya kudai chake.

Nikumbushe pia, kwa kuwa nimeshaulizwa mara nyingi, kwamba haya si sawa na zile soksi za nailoni ambazo wapigaji wa zamani walizifunga nyuma ya lenzi ili kuwapamba mabibi wa sinema. Soksi hutandaza picha nzima, taa na uso na ukuta kwa pamoja. Haiwezi kuugeuza umbo kivuli cha pua.

NURU YA PILI

Jambo hili lina nasaba ndefu kuliko sinema. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufariki Kairo karibu mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir baina ya mwaka 1011 na 1021, na katika majaribio yake ya taa, matundu na vyumba vya giza alibainisha mambo mawili ambayo fundi wa taa wa leo anayaishi bila ya kumjua aliyeyasema. La kwanza, kwamba nuru hutoka katika kila nukta ya kitu kinachong'aa na kwenda kila upande kwa njia iliyonyooka. La pili, kwamba kitu kisichokuwa na nuru yake, kikiangazwa, nacho hutoa nuru ya pili kutoka katika kila nukta yake. Kitambaa mbele ya taa ni hayo mawili tu. Kila uzi wake umeangazwa, na kila uzi umekuwa taa ndogo inayorusha kila upande, zingine zikifika usoni kutoka kulia, zingine kutoka kushoto, mpaka kivuli kikakosa pa kukaa.

Filamu za mwanzo zilikuwa nzito kuhisi mwanga, na taa za umeme zilikuwa dhaifu, kwa hiyo wapigaji walilifanya jua kuwa mtumishi wao. Mfaransa Georges Méliès alijenga studio ya vioo huko Montreuil, karibu na Paris, mwaka 1897, na chini ya paa lake la vioo paliweza kutandazwa vitambaa vyembamba vya pamba ili kuukata ukali wa jua. Marekani nao, katika miaka ya 1910, walipiga sinema juu ya majukwaa yasiyokuwa na paa, na vitambaa vyeupe vikivutwa juu kwa nyaya kama matanga yaliyolazwa.

Lakini kisa kinachonigusa mimi zaidi ni cha Mhindi, Subrata Mitra. Alipoanza kumpigia Satyajit Ray picha ya Pather Panchali mwaka 1952 alikuwa na umri wa miaka ipatayo 22, na hakuwahi kuishika kamera ya sinema. Katika filamu yao ya pili, Aparajito, iliyotoka mwaka 1956, palihitajika nyumba ya Banaras yenye ua katikati. Kwa kuhofia mvua, fundi wa mandhari Bansi Chandragupta akaijenga nyumba hiyo ndani ya studio mjini Calcutta. Mitra alibisha, akisema nuru ya ua wa Banaras haiigiziki studioni, kwa kuwa ni nuru ya mbinguni inayoshuka kutoka juu bila ya kivuli, na taa za studio zitautangaza uongo huo mara moja. Aliposhindwa hoja, akatandaza kitambaa cheupe juu ya ua mzima pale ambapo mbingu ingekuwa, akazipanga taa chini zikikiangaza kitambaa, na nuru iliyorudi kutoka kitambaani ndiyo iliyowaangaza waigizaji. Yeye hakuipitisha nuru ndani ya kitambaa, aliigongesha ikarudi, lakini siri ni ileile na gharama ni ileile: taa nyingi, mwanga mchache, na uso unaoaminika. Mwaka 1957 filamu hiyo ikachukua Simba wa Dhahabu huko Venice.

Kwa nini kinigusa? Kwa sababu aliyelelewa katika nyumba ya mawe ya Lamu anaijua nuru hiyo kabla ya kuijua kamera. Jua huingia kiwandani kutoka juu, hugonga kuta za chokaa, likavunjika makali, na kinachofika misana ya ndani ni ule weupe mtulivu ambao hata ukisoma msahafu jioni hauumizi macho. Hasara yake nayo ipo: kule ndani kabisa penye zidaka ni giza jepesi mchana kutwa. Waashi wale walinunua utulivu kwa wingi wa mwanga, wakijua.

VITAMBAA VYETU

Kijana wa leo ana raha mbili ambazo sisi hatukuwa nazo. Taa zetu zilikuwa za uzi wa moto. Umeme wote ule, hata sehemu moja ya kumi haikuwa mwanga, iliyobaki ilikuwa joto. Ukikiweka kitambaa karibu utasikia harufu kabla ya kuona moshi. Taa za LED hazichomi hivyo, kitambaa kinaweza kukaa karibu nazo. Na kamera za kidijitali hufanya kazi bila ya taabu kwenye ISO 800, ambayo ni stopu tatu zaidi ya ile filamu yangu ya 100. Aliyenazo hizo stopu tatu anaweza kumpa kitambaa moja na nusu, na akabaki na akiba. Lakini naona akiba inachezewa. Wanatia sanduku, ndani ya sanduku tabaka la pili, juu yake tena mwavuli, halafu wanaipandisha kamera nguvu mpaka picha inajaa chengachenga. Wenye simu ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa jicho la simu ni dogo na njaa yake ya mwanga ni kubwa.

Vitambaa vya dukani vya kazi hii ni ghali, lakini pwani hatukosi mbadala, na baadhi ya hivyo vya dukani ni ndugu wa vyetu. Mafundi wa Ulaya na Marekani husifu sana pamba isiyopaushwa kwa kuwa huutia mwanga uvuguvugu wa rangi, ngozi ikapendeza. Hiyo si nyingine ila marekani, nguo ile ambayo wafanyabiashara wa Salem waliileta Unguja katika karne ya 19 mpaka ikachukua jina la nchi yao. Ukiitumia, ifue kwanza kuondoa kanji yake, na ujue kwamba rangi yake ya maziwa yaliyopikwa itabaki katika picha. Shashi ni nyepesi mno, hutumika pale ambapo mwanga wenyewe ni haba. Karatasi ile ipitishayo nuru wanayochorea ramani ni nzuri sana, ila hupiga kelele kwenye upepo. Na upepo ni jambo: kitambaa cha futi 12 kwa 12 kilichovutwa kwenye fremu ni futi 144 za mraba, yaani ni tanga. Nimewahi kuona kusi ikikinyanyua pamoja na watu wawili walioning'inia. Baharia hangeshangaa.

Na kwa kuwa mwanga uliolainishwa hauna adabu, huenda kila mahali, kuta nyeupe za nyumba zetu huurudisha upande wa pili wa uso mpaka uso ukawa bapa kama chapati. Dawa yake ni kitambaa cheusi upande huo. Mimi hutumia kitambaa cha buibui.

Mwaka 2017 nilipata nafasi nyingine. Mke wa ami yangu, ambaye alifundwa na shangazi huyo huyo na akairithi kazi yake, alikubali nimpige picha akizieleza nyimbo zilezile. Nilikwenda Biashara Street kununua bafta, kwa kuwa ni nyeupe haibadilishi rangi, na ni nyembamba haili sana. Nikamwambia mwenye duka anikatie mita sita. Akaacha mkasi, akanishika mkono, akasema, “Pole sana. Nani?” Nikakumbuka kwamba hapa kwetu mwanamume hanunui mita sita za bafta ila kwa jambo moja. Nilipomweleza kwamba ni ya kuwekea taa, hakuniamini mpaka nilipomlipa.

Niliikunja mara mbili, nikaitundika kwenye kamba kati ya taa na kiti chake, hatua moja kutoka usoni. Nilipima mwanga kabla, nikapima baada, nikapima tena alipobadilisha mkao, mpaka akaniuliza kama namchukulia vipimo vya nguo. Hasara ilikuwa karibu na stopu mbili. Kamera ilizibeba bila ya taabu. Kivuli cha pua yake kilikuwa kama moshi, na macho yake, ambayo nayo yamedhoofika, yalitazama kwenye taa bila ya kufumba.

Alizungumza muda wa saa nzima na dakika ishirini. Nilipoanza kufungua kamba aliinyosha ile bafta kwa mkono, akaisugua kidoleni kama wasuguavyo wanunuzi wanawake.

“Hii nzuri,” akasema. “Ukimaliza kazi zako, nifulie uniletee. Nitaitia sandukuni.”

Nilimpelekea siku ya Ijumaa.